Nilimkosesha Aliyepatia

Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa Singida jambo lisilo kweli kuhusu wakati uliopita wa Kifaransa. Mwanzoni sikujua kuwa si kweli. Baadaye nilijua, na nikanyamaza. Nayaweka yote mawili hapa kwa sababu ujinga humpata mwalimu yeyote, na ningeweza kuusingizia uchache wa vitabu, lakini kule kunyamaza nilikuchagua mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu.

Jambo lenyewe lilikuwa sentensi moja fupi. Kila nilipofika mada ya passé composé niliiandika ubaoni na kuizungushia mstari: vitenzi vya mwendo huchukua être, vingine vyote huchukua avoir. Watoto waliipenda kwa sababu ilikaririka. Mimi niliipenda zaidi kwa sababu ilimaliza maswali.

Kwa asiyesoma Kifaransa, nieleze kidogo. Sisi tukitaka kusema jambo lililokwisha kutendeka tunapachika -li- au -me- ndani ya kitenzi, basi. Mfaransa huhitaji maneno mawili. La kwanza ni kitenzi kisaidizi, ama avoir, yaani kuwa na, ama être, yaani kuwa. La pili ni umbo la kitenzi chenyewe linaloitwa participe passé. Umbo hilo si gumu kwa vitenzi vingi: parler hutoa parlé, finir hutoa fini, vendre hutoa vendu. Vipo vikaidi vinavyotakiwa kukaririwa kimoja kimoja, faire na fait, prendre na pris, voir na vu, ouvrir na ouvert. Mtoto mwenye bidii huvimaliza. Kinachomsumbua ni lile neno la kwanza. Vitenzi vilivyo vingi mno huchukua avoir. Kikundi kidogo huchukua être, pamoja na vitenzi vyote vya mtu kujitendea mwenyewe, kama se laver, kunawa au kuoga.

Kikundi hicho kidogo ndicho kilichoniponza. Humo mna aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, tomber, passer, retourner, rester, naître, mourir, na jamaa zao kama revenir, devenir na rentrer. Nilivitazama nikaona kwenda, kuja, kufika, kuondoka, kuingia, kutoka, kupanda, kushuka. Nikasema moyoni, huu ni mwendo mtupu. Kubaki, kuzaliwa na kufa havikuwa mwendo, ila niliviita vighairi nikasonga mbele. Hakuna kitabu kilichonipa sheria ile kwa maneno yale. Niliitunga mwenyewe kutokana na orodha, kisha nikaisema kwa sauti ya mtu anayenukuu.

Sheria ile ilikuwa mbovu pande zote mbili. Marcher ni kutembea, courir ni kukimbia, nager ni kuogelea, sauter ni kuruka, voyager ni kusafiri. Vyote ni mwendo, na vyote huchukua avoir: j'ai marché, j'ai couru, j'ai voyagé. Wanafunzi wangu wengi walikuja shuleni kwa miguu, na insha zao za mwanzo zilianza na kutembea. Waliandika «je suis marché à l'école», sawasawa na nilivyowafundisha, na mimi nikaweka alama ya vema. Sijui ni madaftari mangapi yenye vema zangu juu ya sentensi hiyo yaliyomo majumbani mwa watu kuanzia Manyoni hadi Iramba.

Lakini hilo silo linaloniuma kuliko yote.

Singida iko njiani. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Dodoma hupita Manyoni, ikaja mjini kwetu, ikaendelea Iramba na kuteremka mlima wa Sekenke kwenda Nzega, na mbele yake ni mipaka ya Rusumo na Kabanga. Malori ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita hapa mchana na usiku. Madereva hulala, hula, hubadilisha matairi, hununua vitunguu na mafuta ya alizeti. Miongoni mwao wamo wanaozungumza Kifaransa tangu shule ya msingi. Mimi, mwalimu wa Kifaransa, sikuwahi kwenda kukaa nao hata jioni moja. Niliona lugha iko kwenye muhtasari wa somo na kwenye karatasi za mtihani wa taifa, na kwamba barabarani hakuna cha kujifunza.

Katika kidato cha pili nilikuwa na msichana ambaye mama yake alifanya biashara ya vitunguu na kuwapikia chakula madereva. Darasani alikuwa mkimya. Nilitoa insha ya kueleza siku ya Jumamosi iliyopita. Wengi waliandika mistari mitano ya kanisani, msikitini na kufua sare. Yeye alijaza ukurasa. Nakumbuka sentensi zake tatu vizuri, kwa sababu nimezirudia kichwani mara nyingi tangu siku ile.

Ya kwanza: «Samedi, j'ai descendu les sacs d'oignons du camion avec ma mère.» Jumamosi nilishusha magunia ya vitunguu kutoka kwenye lori pamoja na mama. Ya pili: «Nous avons sorti les mauvais oignons.» Tulitoa vitunguu vibovu. Ya tatu, mwisho wa insha: «Le soir, nous sommes rentrées à la maison.» Jioni tulirudi nyumbani.

Nikachukua kalamu nyekundu. Descendre ni kushuka, kushuka ni mwendo, mwendo huchukua être. Nikakata «ai», nikaandika «suis». Sortir nayo ni mwendo, nikakata «avons», nikaandika «sommes». Sentensi ya tatu nikaipa vema.

Tazama nilichokifanya. Sentensi baada ya masahihisho yangu ikawa «je suis descendu les sacs», maneno ambayo hayasemwi na Mfaransa, Mkongo wala Mrundi, na kwa msichana hata lile umbo la mwisho lingekuwa na kasoro. Yake ilikuwa safi. Na ushahidi kuwa alijua alichokuwa anafanya ulikuwa mbele ya macho yangu, katika ile sentensi ya tatu niliyoikubali. Alipoeleza kurudi nyumbani, ambako hakuna kitu kinachorudishwa, alitumia être. Tena akaandika rentrées, akiwa ameongeza e kwa kuwa wanaorudi ni wa kike, na s kwa kuwa ni wawili, yeye na mama yake. Mtoto wa kidato cha pili aliyeweza hayo asingebahatisha «j'ai descendu». Alitofautisha. Aliyeshindwa kutofautisha alikuwa mimi.

Siku ya kurudisha madaftari niliandika sentensi yake ubaoni kama mfano wa kosa. Sikutaja jina, lakini darasa lote lilijua nani anashinda kwenye vitunguu. Akanyoosha mkono na kusema kwa adabu, «Samahani mwalimu, madereva wa Kongo wanasema hivyo.» Nikamjibu kwamba madereva hawatungi mtihani, na kwamba hicho ni Kifaransa cha barabarani. Darasa likacheka. Akakaa.

Alipoingia kidato cha tatu, wakati wa kuchagua masomo, hakuchagua Kifaransa. Hakuna aliyeniambia sababu, na mimi sikuuliza.

Jibu alilolihitaji, na nililolihitaji mimi kabla yake, lilikuwa ndani ya Kiswahili chetu wenyewe. Sisi tuna kushuka na kushusha, kutoka na kutoa, kupanda na kupandisha, kurudi na kurudisha, kupita na kupitisha. Vitenzi ni viwili viwili. Mfaransa ana kimoja tu kwa kila jozi, na anayetofautisha ni kile kisaidizi. Je suis descendu ni nilishuka. J'ai descendu les sacs ni nilishusha magunia. Je suis sorti ni nilitoka. J'ai sorti les oignons ni nilitoa vitunguu. Je suis monté, nilipanda. J'ai monté les valises, nilipandisha masanduku. Je suis retourné, nilirudi; j'ai retourné la lettre, nilirudisha barua. Ukiona kitenzi kimebeba yambwa, yaani kitu kinachotendewa, basi ni avoir. Njia hii nayo ina mpaka wake, na sasa nawaambia watoto mapema: «j'ai descendu l'escalier» ni nilishuka ngazi, na ngazi haishushwi, ila kwa Mfaransa ngazi ni yambwa, na yambwa ndiyo inayoamua.

Mtoto yeyote wa Singida anajua tofauti ya kushuka na kushusha kabla hajaanza shule. Nilikuwa na ufunguo huo mdomoni nikautupa, kwa sababu nilidhani kumfundisha mtu Kifaransa ni kumtoa kwenye lugha anayoijua.

Nilikuja kugundua hivi. Nilikuwa natayarisha zoezi la ufahamu kutoka kitabu kilichochapwa Ufaransa, nikakuta mtu «a sorti une lettre de sa poche», ametoa barua mfukoni. Nikaamini ni kosa la uchapaji. Nilichukua kalamu, nikakisahihisha kitabu. Ukurasa uliofuata kulikuwa na mwanamke ambaye «a monté les valises». Hapo mkono ukasita. Kabati la ofisi yetu lilikuwa na kamusi nene ya Kifaransa niliyoitumia kutafuta maana ya maneno magumu tu. Sikuwahi kuifungua kwa neno rahisi. Nikaifungua kwenye descendre. Maelezo yamegawanywa sehemu mbili zilizo wazi kabisa: kitenzi kisicho na yambwa, kisaidizi être, kitenzi chenye yambwa, kisaidizi avoir. Chini yake mifano. Nikaenda sortir, nikaenda monter, rentrer, passer, retourner. Hadithi ni ile ile kwa vyote 6.

Kamusi ile ilikuwa kabatini siku nilipomwaibisha yule mtoto. Ilikuwa umbali wa kiti na meza.

Sasa nafika kwenye dhambi ya pili. Nilikuwa na madarasa ya kidato cha pili, cha tatu na cha nne. Kwa kidato cha pili, waliokuwa wapya, nilifundisha upya kama ndivyo siku zote nilivyofundisha. Kwa wale wakubwa niliingia na kusema, «Leo tuna nyongeza kidogo kwenye passé composé.» Nyongeza! Ilikuwa inafuta nilichowafundisha, nami nikaiita nyongeza. Wanafunzi waangalifu walinitazama, wakatazama madaftari yao, wakaona vitu viwili havipatani. Mmoja aliuliza afuate kipi. Nikamwambia afuate vyote, kila kimoja na mahali pake. Nilimdanganya mtoto anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne ili heshima yangu isipungue. Na waliokwisha kuhitimu kabla ya hapo hawakupata hata hiyo nyongeza.

Yule msichana alikuwa bado yupo shuleni, kidato cha nne, kwenye mikondo isiyosoma Kifaransa. Tulipishana mara nyingi. Asubuhi moja tulikutana peke yetu kwenye njia ya kutoka maktaba. Akasema, «Shikamoo mwalimu.» Nikasema, «Marahaba,» nikapita. Ilikuwa nafasi iliyokamilika kabisa. Hapakuwa na mtu wa kunisikia, na maneno niliyokuwa nadaiwa hayakuzidi pumzi moja: ulipatia, mimi nilikosea, nisamehe. Nilikuwa nimeyapanga. Nikaitika salamu yake nikaenda zangu, kwa sababu nilifikiri mwalimu akimwomba radhi mwanafunzi leo, kesho darasa halitamsikiliza. Akamaliza shule, akaondoka, na sijamwona tena.

Wenzangu niliowahi kuwaeleza hili wamenipa sababu za kujifariji. Wanasema vitabu vya Kifaransa ni haba, na hilo ni kweli. Wanasema mwalimu wa Kifaransa mikoani mara nyingi yuko peke yake shuleni, hana wa kumuuliza, na hilo pia ni kweli. Mwalimu wa Hisabati akikwama humwegemea mwenzake wa meza ya pili. Mimi sikuwa na mwenzangu. Lakini Chuo Kikuu cha Dodoma, chenye wahadhiri wa Kifaransa, kiko kilometa zipatazo 240 kutoka kwetu, na simu nilikuwa nayo. Alliance Française ipo Dar es Salaam na Arusha. Kamusi ilikuwa kabatini. Na kuliko vyote, alikuwapo mtoto darasani aliyenyoosha mkono na kuniambia.

Sababu hasa ni kwamba sikuwa na desturi ya kudhani naweza kukosea kwenye mambo ya msingi. Magumu niliyaheshimu. Kanuni ya kupatanisha umbo la kitenzi na yambwa iliyotangulia, kwa mfano, niliiogopa, kwa hiyo niliisoma vizuri na kuifundisha vizuri. Ukisema «j'ai descendu les sacs» umbo halibadiliki. Ukitanguliza magunia, «les sacs que j'ai descendus», lazima uongeze s. Wafaransa wenyewe wanahangaika nayo. Iliingia kwa mshairi wao Clément Marot katika karne ya 16, aliyewahimiza watu wafuate mfano wa Kiitaliano, na mwaka 2018 walimu wawili wa zamani wa Ubelgiji, Arnaud Hoedt na Jérôme Piron, walipendekeza katika gazeti la Libération iachwe kabisa. Mimi naona Mswahili hapati taabu kubwa hapo. Akisema «magunia niliyoyashusha», tayari ameweka -yo- na -ya- kwa ajili ya magunia yaliyotangulia. Ameshapatanisha kabla hajajua kuwa kuna kanuni. Watoto wangu waliielewa vizuri. Jambo gumu nililifundisha sawa kwa sababu nililikagua. Rahisi nililiharibu kwa sababu nililiamini.

Lipo na jingine, nilitaje ili maungamo yasiwe nusu. Niliwaambia kwamba -li- yetu ni passé composé. Si kila mara. «Mwaka jana tulilima mtama» ni nous avons cultivé, kazi iliyofanyika ikaisha. «Zamani wazee wetu walilima mtama» ni cultivaient, imparfait, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa maisha yao. -li- ni ile ile, Kifaransa ni viwili. Na imparfait ndiyo nyepesi kuunda kuliko nyakati zote: chukua umbo la nous la wakati uliopo, ondoa -ons, weka -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient. Kitenzi kinachovunja kanuni hii ni être peke yake, j'étais. Mimi niliisogeza imparfait mwisho wa muhula, ikifundishwa kwa haraka mitihani ikibisha hodi, na watoto wakaenda kusimulia kila jambo la zamani kana kwamba lilitendeka mara moja na kukoma.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na malori yanazidi. Vijana wa Singida wanaojua Kifaransa watapata kazi mipakani, kwenye maghala, kwenye ofisi za usafirishaji. Yule msichana alikuwa tayari ana mlango mmoja umefunguka, alioufungua mwenyewe kwa masikio yake huku akibeba vitunguu. Mimi ndiye niliyeufunga, nikiwa nimelipwa mshahara wa kuufungua.

Binti, kama maneno haya yatakufikia: insha yako ilikuwa sahihi. «J'ai descendu les sacs» ni sahihi, «nous avons sorti les mauvais oignons» ni sahihi. Nilikukosesha mbele ya wenzako na sikuwa na haki hiyo. Madereva wale walikufundisha vizuri kuliko mimi. Nakuomba radhi, na sikudai unijibu.

Na ninyi mliopita mikononi mwangu, ambao baadhi yenu sasa ni walimu au mnafundisha tuisheni, tafuteni lile daftari. Mahali palipoandikwa kuwa vitenzi vya mwendo huchukua être, pigeni mstari. Andikeni: marcher, courir, nager, sauter na voyager huchukua avoir, na descendre, monter, sortir, rentrer, passer na retourner vikiwa na yambwa huchukua avoir pia. Kama mmekwisha kuwapa wengine sheria yangu, warudieni, na msiiite nyongeza. Waambieni ilikuwa kosa, na mwenye kosa ni mimi.